Mabaka na Mweusi: makato ya bima yalivyohesabiwa kwa ng'ombe wawili wa banda moja, Ilemela

Usuli

Mfugaji wa kisa hiki ni mama wa makamo anayeishi pembezoni mwa Ilemela, jijini Mwanza, mahali ambapo upepo wa ziwa unafika hadi bandani. Jina lake, mtaa, kampuni ya bima na chama cha mikopo tumeviondoa. Fedha tumezikadiria kwa namba kamili ili hesabu zifuatike kwa urahisi.

Ana banda la sakafu ya saruji na ng'ombe wanne chotara wa Friesian wanaolishwa humo humo: majani tembo ya shambani kwake, majani ya kununua pale yake yanapopungua, pumba za mahindi na mashudu ya pamba. Maziwa anauzia majirani na migahawa miwili. Ng'ombe mmoja alimnunua kwa mkopo wa chama cha akiba na mikopo, na chama kikagoma kutoa fedha mpaka ng'ombe wote wakatiwe bima. Kwa hiyo bima iliingia nyumbani kama sharti la mkopo. Mtu anayekata bima kwa namna hii huuliza swali moja tu, "ada ni shilingi ngapi?", na makato anayakuta siku ya msiba.

Ng'ombe tutawataja kwa rangi. Mabaka alikatiwa bima ya 3,200,000, Mweusi 3,000,000, Kahawia 2,800,000, na mtamba, ambaye alikuwa hajazaa bado, 1,800,000. Jumla ni shilingi 10,800,000.

Wakala alimwekea njia mbili. Ya kwanza: ada asilimia 6 ya thamani, makato asilimia 10 yasiyopungua 200,000. Ya pili: ada asilimia 4, makato asilimia 20 yasiyopungua 400,000. Alichagua ya pili, akalipa 432,000 badala ya 648,000. Tofauti, 216,000, ilimalizia bati la banda.

Hati ilisema nini

Makato ya mwenye bima, au eksesi kama wanavyoiita mawakala, ni sehemu ya hasara ambayo mfugaji anaibeba mwenyewe. Kampuni hulipa kinachobaki. Kwenye hati ya mama huyu mambo manne yaliamua kila kitu baadaye, na yalikuwa kurasa tofauti:

"Mwenye bima atabeba asilimia 20 ya dai, isiyopungua shilingi 400,000, kwa kila mnyama na kwa kila tukio."

"Kampuni italipa thamani ya soko ya mnyama siku ya tukio au kiasi kilichokatiwa bima, kilicho kidogo kati ya hivyo viwili."

"Mapato yatokanayo na mabaki ya mnyama yatapunguzwa kwenye hasara."

La nne lilikuwa jina la chama cha mikopo, kama mpokeaji wa kwanza wa fidia ya ng'ombe aliyenunuliwa kwa mkopo.

Kwa mdomo, alichoambiwa ni sentensi moja: "Mama, ng'ombe akifa unakatwa laki nne, basi." Yeye akaelewa laki nne kwa mwaka mzima, hata wafe wawili. Wakala hakudanganya moja kwa moja. Alichofanya ni kutaja kima cha chini kana kwamba ndicho kima chenyewe.

Kifo cha Mabaka

Bima ilianza mwanzoni mwa Machi, masika yakiingia. Hati ilikuwa na siku 21 za kungojea kwa magonjwa. Siku ya 51 Mabaka aligoma kula. Maziwa yalishuka kutoka lita 11 hadi 4 kwa siku, na mtoki wa chini ya sikio ukavimba kama yai. Joto lilipopimwa lilikuwa nyuzi 41. Hiyo ni sura ya ndigana kali, na masika ndiyo kipindi ambacho kupe anayeieneza huongezeka.

Wengi huuliza: ng'ombe asiyetoka bandani anapataje kupe? Kupe huletwa na majani. Wiki mbili kabla, mama alinunua mizigo ya majani yaliyokatwa kwenye uwanda wanakolishwa ng'ombe wa kienyeji. Ndigana kali kwa kawaida hujitokeza kati ya wiki moja na tatu baada ya kung'atwa, kwa hiyo tarehe zinawiana.

Daktari wa mifugo aliitwa siku ya tatu ya ugonjwa. Alimchoma buparvakwoni, mililita 1 kwa kila kilo 20 za uzito. Ng'ombe wa kilo 400 ni mililita 20, na zinagawanywa sehemu mbili za msuli kwa sababu sehemu moja isizidi mililita 10. Alirudia baada ya saa 48. Usiku wa siku ya tano Mabaka alianza kuhema kwa shida, povu jeupe likamtoka puani, na kabla ya alfajiri akafa. Dawa hii hufanya kazi vizuri ugonjwa unapoanza. Mapafu yakishajaa maji, imechelewa.

Hapa mama alifanya jambo la maana kuliko yote. Hakuruhusu mtu kuchimba shimo. Saa 12 asubuhi alimpigia wakala, akapiga picha nne: mnyama mzima, uso, hereni ya sikio namba zikisomeka, na banda. Daktari alipasua mzoga mkadiria hasara akiwepo, akaandika taarifa (mapafu yamejaa povu, mitoki imevimba), na sampuli ya mtoki ikapelekwa maabara ya TVLA (Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania) hapo Mwanza. Sikio lenye hereni lilikatwa, likawekwa kwenye chumvi. Kitabu cha banda kilionyesha tarehe za kupuliza dawa ya kupe kila wiki, na kiasi: mililita 2 za amitrazi ya asilimia 12.5 kwa lita moja ya maji. Ukurasa ule wenye madoa ya mafuta ndio uliozima hoja ya "uzembe wa mfugaji" kabla haijainuka.

Nyama haikuuzwa. Mnyama aliyechomwa buparvakwoni haliwi mpaka zipite siku 42, kwa hiyo mabaki yalikuwa sifuri na mzoga ukafukiwa kwa chokaa.

Mkadiria hasara aliweka thamani ya soko 3,000,000, si 3,200,000, kwa sababu Mabaka alishazaa mara tano. Makato yakawa asilimia 20 ya 3,000,000, yaani 600,000. Fidia: 2,400,000. Chama kilichukua 1,400,000 iliyobaki kwenye mkopo, mama akapokea 1,000,000.

"Mbona mmekata laki sita?" aliuliza kwa simu. Afisa wa madai akamjibu, "Mama, ile laki nne ni kima cha chini. Asilimia ikizidi hapo, tunakata asilimia."

Aliuliza pia kuhusu 185,000 alizotumia kwa daktari na dawa, akiamini zinahesabika ndani ya makato kwa kuwa ametoa mfukoni. Hazihesabiki. Bima yake ilikuwa ya kifo, haikugusa matibabu, na gharama ambayo hati haiifidii haiwezi kupunguza makato.

Mguu wa Mweusi

Julai hakuna mvua, lakini sakafu ya banda huoshwa kabla ya kukamua. Alfajiri moja Mweusi aliteleza, miguu ya nyuma ikaachana, mfupa wa paja ukavunjika. Hati ilitaka kibali cha kampuni kabla ya kuchinja, isipokuwa daktari athibitishe kwa maandishi kwamba kusubiri ni kumtesa mnyama. Wakala alipigiwa saa 11 na nusu, hakupokea. Mama alituma picha na ujumbe wa sauti kwa WhatsApp, daktari akafika saa 2, akaandika cheti, na saa 4 ng'ombe akachinjwa. Mkaguzi wa nyama alipiga mhuri. Mwenye bucha alichukua kilo 180 kwa bei ya haraka, 5,000 kwa kilo: 900,000, kwa risiti.

Thamani haikubishaniwa, ilikuwa 3,000,000. Barua ya kwanza ya kampuni ilihesabu hivi: asilimia 20 ya 3,000,000 ni 600,000, inabaki 2,400,000; toa nyama 900,000; fidia ni 1,500,000.

Mama, kwa msaada wa kijana wa jirani aliyesoma uhasibu, alirudisha barua ya aya mbili. Hoja yake ilikaa kwenye neno moja. Hati inasema mapato ya mabaki yatapunguzwa kwenye hasara, na makato ni asilimia 20 ya dai. Hasara ikishapunguzwa nyama ni 2,100,000. Hilo ndilo dai. Asilimia 20 ya dai ni 420,000, hivyo fidia ni 1,680,000. Aliambatanisha nakala za kurasa zote mbili za hati akiwa amepiga mstari kwa kalamu nyekundu.

Hesabu ile ile, namba zile zile, ila kutangulia kwa hatua moja kunaleta tofauti ya 180,000. Si bahati: kima cha chini kisipoingia, tofauti hiyo ni asilimia ya makato mara thamani ya mabaki, na 20 kwa 100 ya 900,000 ni 180,000. Mabaki yakiwa sifuri, kama kwa Mabaka, mpangilio haugusi kitu, ndiyo maana hakuna aliyeuona mara ya kwanza.

Kampuni ilikokotoa upya na kulipa 1,680,000. Barua ilipokelewa kwa mhuri na tarehe, jibu likaja siku ya kumi na moja.

Matokeo

Kutoka kampuni zilitoka 4,080,000 kwa ng'ombe wawili. Baada ya mkopo kukatwa na fedha za nyama kuongezwa, mama alibaki na 3,580,000 mkononi. Alinunua mtamba mwenye mimba kwa 2,700,000, na sakafu ya banda akaikwaruza mistari ili kwato zishike. Banda la ng'ombe wanne likawa la watatu, na mgahawa mmoja ukatafuta maziwa kwingine.

Uchambuzi

Alitarajia nini? Kwa hesabu ya kichwani, Mabaka angemletea 2,800,000 na Mweusi 3,000,000 nzima kwa kuwa "makato ya mwaka yameshakatwa". Jumla 5,800,000. Alipata 4,080,000. Pengo ni 1,720,000, na linagawanyika vizuri ukilifungua: 900,000 ni nyama, 420,000 ni makato ya mara ya pili, 200,000 ni kushuka kwa thamani ya Mabaka, na 200,000 ni asilimia kuzidi kima cha chini. Ile 900,000 si hasara, alishaishika mwenyewe kutoka kwa mwenye bucha. Kulipwa nyama na fidia yake pamoja kungekuwa kulipwa mara mbili. Malalamiko yenye uzito ni 820,000 tu, na zaidi kidogo ya nusu yake inatoka kwenye maneno matano: "kwa kila tukio" na "kila mnyama". Asilimia kuzidi kima cha chini, jambo ambalo ndilo watu hubishania wakati wa kukata bima, ilichangia 200,000 tu.

Ndiyo maana tunashikilia kwamba makato yasisomwe kama namba. Yasomwe kama maswali: yanahesabiwa juu ya nini, mara ngapi, na katika hatua ipi ya hesabu? Hata wanaokatia bima mbwa na paka huko Marekani wanakutana na fumbo hilo hilo. Huko makato mengi huhesabiwa kwa mwaka, kisha kampuni hurudisha asilimia 70, 80 au 90 ya bili ya daktari. Bili ya dola 1,000, makato dola 250, marejesho asilimia 80: ukitoa makato kwanza unalipwa dola 600, ukizidisha asilimia kwanza unalipwa 550. Uingereza hati nyingi hukata kwa kila ugonjwa, na mnyama akizeeka huongezewa asilimia juu ya makato ya kawaida. Mama yetu alidhani ana makato ya mwaka, kumbe alikuwa na ya tukio. Tofauti hiyo huiona aliyepata msiba wa pili tu.

Je, alikosea kuchagua ada ndogo? Kwa mwaka ule, ndiyo. Kwa njia ya kwanza makato yangekuwa 300,000 na 210,000, jumla 510,000, badala ya 1,020,000. Ukitoa ada ya ziada ya 216,000, angebaki na nafuu ya 294,000. Lakini uamuzi haupimwi kwa mwaka mmoja mbaya. Njia ya kwanza inaongeza ada kwa asilimia 2 ya thamani ya kila ng'ombe, kila mwaka, ili kupunguza makato kwa asilimia 10 mwaka ambao ng'ombe huyo anakufa. Inalipa iwapo unapoteza zaidi ya ng'ombe mmoja kati ya watano kwa mwaka. Mfugaji anayepuliza dawa kila wiki na kuandika hapaswi kufika huko, kwa hiyo makato makubwa na ada ndogo yalikuwa chaguo la haki. Kosa lilikuwa kwenye bati: 216,000 aliyookoa ndiyo ilikuwa akiba ya makato, naye akaipandisha juu ya banda.

Kuna sehemu ya hati iliyomwonea, na haikuonekana kwa kuwa mtamba hakufa. Kima cha chini cha 400,000 huanza kuuma mnyama akiwa chini ya 2,000,000 (hapo asilimia 20 ni 400,000 kamili). Mtamba wa 1,800,000 makato yake halisi ni zaidi kidogo ya asilimia 22. Ndama wa 600,000 angekuwa na makato ya theluthi mbili. Kumkatia bima kwa masharti hayo ni kulipia karatasi. Kabla ya kuweka mnyama mdogo kwenye orodha, gawanya kima cha chini kwa thamani yake uone asilimia halisi.

Kuhusu thamani, kukata 3,200,000 kwa ng'ombe wa mzao wa tano hakukumwongezea kitu. Hati inalipa kilicho kidogo, hivyo ada ya asilimia 4 juu ya zile laki mbili, shilingi 8,000, ilikwenda bure. Fedha ni ndogo. Ila kosa la upande wa pili, kukatia chini ya thamani ili kubana ada, ni ghali kuliko hili, maana hapo kampuni hulipa kiasi ulichoandika hata kama soko linasema zaidi.

Yaliyofaulu ni ya kawaida kabisa: picha zenye hereni, mzoga kusubiri, kitabu cha dawa, cheti cha daktari chenye saa iliyoandikwa, risiti ya bucha. Madai yote mawili yalikubaliwa bila kubishaniwa kama ni halali, mabishano yakabaki kwenye hesabu. Barua ilifaulu kwa sababu ilinukuu hati badala ya kulalamika. Na hata kama maneno ya hati yangekuwa na utata kweli, kanuni ya mikataba inaelekea upande wa mama: utata husomwa dhidi ya aliyeandika, na aliyeandika ni kampuni. Kama wangekataa, hatua iliyofuata ilikuwa ofisi ya TIRA, mamlaka inayosimamia bima nchini, Kanda ya Ziwa hapo hapo Mwanza, au Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ofisi iliyoanzishwa chini ya Sheria ya Bima ya 2009. Nakala ya barua yenye mhuri wa kupokelewa ndiyo inayodaiwa kwanza mlangoni.

Kilichoshindikana mapema kuliko vyote ni majani. Buparvakwoni ya siku ya tatu ilichelewa, lakini hata ya siku ya kwanza isingehitajika kama mizigo ile ingeanikwa juani na kukung'utwa kabla ya kuingia bandani, au kama ng'ombe wangekuwa wamepata chanjo ya ndigana kali, ambayo huchomwa mara moja.

Wakati wa kukata upya, mama alirudi kwa wakala na karatasi yenye maswali matatu, akataka majibu yaandikwe na kupigwa mhuri: makato ni kwa tukio au kwa mwaka, ng'ombe wawili wakipigwa na radi moja ni tukio moja au mawili, mabaki yanatolewa kabla ya asilimia au baada. La kwanza na la tatu yalijibiwa siku hiyo hiyo. La radi lilipelekwa makao makuu, likarudi baada ya wiki mbili: ni wanyama wawili, makato mawili. Alibaki na asilimia 20, akaweka 400,000 kwenye akaunti ya simu ambayo laini yake anaitunza binti yake.